Jinsi ya Kuongoza Matembezi ya Siku Moja Ravenna, Mji wa Mozaiki

Ravenna uko kaskazini mashariki mwa Italia, karibu na Bahari ya Adriatiki, na mwaka 402 Kaisari Honorius aliufanya makao ya Dola ya Roma ya Magharibi kwa sababu vinamasi vilivyouzunguka vilimzuia adui asiufikie kwa urahisi. Majengo yake manane ya karne ya 5 na ya 6 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1996. Anayeongoza kundi kwa miguu asijaribu kuyamaliza yote kwa siku moja. Kanisa la Sant'Apollinare in Classe, ambalo liko nje ya mji, liachiwe siku nyingine.

Kata mapema tiketi ya pamoja inayofungua majengo kadhaa, na uweke nafasi ya saa maalumu kwa jengo liitwalo kaburi la Galla Placidia, dada wa kambo wa Honorius, kwa kuwa wageni huingizwa kwa makundi madogo na hukaa ndani dakika chache tu. Kwa sababu hiyo, maelezo yako yote yatoe nje, kabla ya mlango. Ukiingia, nyamaza. Macho yanahitaji muda kuzoea giza, na dakika hizo chache zikiliwa na hotuba hazirudi. Ndani, madirisha ya alabasta, jiwe linalopenya mwanga, hupitisha nuru hafifu ya rangi ya asali, kisha polepole nyota za dhahabu hujitokeza kwenye kuba la buluu iliyokolea. Wakumbushe wenzako wageuke nyuma kabla ya kutoka, kwani Mchungaji Mwema yuko juu ya mlango walioingilia, na wengi humpita bila kumwona.

Jambo moja la ufundi linafaa kuelezwa hapo uani. Kipande cha dhahabu cha mozaiki, yaani picha ya vipande vidogo vilivyopachikwa, ni jani jembamba la dhahabu lililobanwa kati ya tabaka mbili za kioo, na mafundi walivipachika vipande hivyo kwa kuviinamisha kidogo, kila kimoja upande wake, ili nuru isirudi kwa namna moja. Mtazamaji akisogea hatua mbili, ukuta nao hubadilika. Kwa hiyo usiwasimamishe watu mahali pamoja.

Hatua chache kutoka hapo ni San Vitale, kanisa la pembe nane lililotabarukiwa mwaka 547. Kaisari Justinian wa Dola ya Roma ya Mashariki na mkewe Theodora wanatazamana kutoka kuta mbili za altare, ingawa hakuna kati yao aliyewahi kukanyaga Ravenna: picha ilishika nafasi ya mtawala katika mji ambao majeshi yake yaliuteka mwaka 540. Waoneshe jina la Maximianus lililoandikwa juu ya kichwa cha askofu, kisha pindo la vazi la Theodora, ambapo Mamajusi watatu wametariziwa wakipeleka zawadi zao.

Nenda kusini hadi jengo la kubatizia la askofu Neon, kando ya kanisa kuu, na baadaye lile la Waario, Wakristo walioshikilia kwamba Mwana si sawa na Baba. Mimi husisitiza yaonwe yote mawili siku ileile. Kote kuna ubatizo wa Kristo katikati ya kuba, na mto Yordani umechorwa kama mzee. Hata hivyo yalijengwa na Wakristo wa pande mbili zilizopingana kuhusu uungu wa Mwana, na kulinganisha kwa macho hufundisha kuliko maelezo. Njiani, ingia San Francesco uone chumba cha chini ya altare: ardhi imedidimia, maji yamefunika sakafu ya mozaiki, na samaki wanaogelea juu yake. Kaburi la mshairi Dante, aliyefia hapa uhamishoni mwaka 1321, liko jirani.

Tenga muda mrefu kwa Sant'Apollinare Nuovo, kanisa la ikulu la Theodoric, mfalme wa Waostrogothi, aliyekuwa Mwario. Upande wa kushoto mabikira 22 wanawafuata Mamajusi. Upande wa kulia, karibu na mlango, imechorwa ikulu yenyewe. Baada ya utawala kubadilika, watu waliokuwa wamesimama kati ya nguzo waliondolewa na nafasi zao zikajazwa mapazia, lakini mikono kadhaa ilibaki juu ya nguzo. Usiwatajie mapema. Waambie wahesabu nguzo, na mmoja wao ataiona mikono hiyo mwenyewe.

Kama miguu bado ina nguvu, kaburi la Theodoric liko upande wa pili wa reli. Halina mozaiki, ila paa lake ni jiwe moja lenye upana wa takriban mita 10, lililoletwa kutoka Istria, ng'ambo ya bahari. Lizungukeni kwanza kwa nje, kisha pandeni orofa ya juu mlitazame jiwe hilo kutoka chini yake, na kutoka hapo kituo cha treni kiko karibu.