Jinsi ya kujua kipi kinaisha kwanza kwenye mmenyuko, na asilimia ya zao

Wakuu, leo tulimalize hili la kitendanishi (kitu unachoweka ili kimenyuke) kinachoisha kwanza, maana watu wanapoteza maksi nyingi hapa na wala hesabu yenyewe sio ngumu, shida wanaangalia gramu alafu wanaamua. Gramu zinadanganya, na moli zikiwa peke yake nazo zinadanganya, mtaona.

Tuseme umechanganya 10.8 g za alumini na 48 g za oksidi ya chuma, utapata chuma kiasi gani?

1. Sawazisha mlinganyo, usiguse kikokotoo kabla ya hapo.
2Al + Fe₂O₃ → Al₂O₃ + 2Fe

2. Gramu zigeuze moli (moli ni kipimo cha idadi ya chembe), yaani gawanya gramu kwa uzito wa moli moja: Al ni 27 g, Fe₂O₃ ni 160 g. Al: 10.8 ÷ 27 = 0.4. Fe₂O₃: 48 ÷ 160 = 0.3.

3. Hapa ndo penyewe. Ukiziangalia hizo moli utasema oksidi ndo chache basi itaisha kwanza, hapana! Kila moli 1 ya oksidi inataka moli 2 za alumini, kwa hiyo gawanya kila moja kwa namba iliyo mbele yake kwenye mlinganyo: Al 0.4 ÷ 2 = 0.2, oksidi 0.3 ÷ 1 = 0.3. Iliyo ndogo ndo inaisha kwanza, yaani alumini, na kuanzia hapo zao lote (kinachotoka kwenye mmenyuko) unalihesabu kwa alumini.

4. Al 2 zinatoa Fe 2, so moli 0.4 × 56 (uzito wa moli moja ya chuma) = 22.4 g. Hicho ni cha kwenye karatasi. Ukipima maabara ukakuta 19.6 g: 19.6 ÷ 22.4 × 100 = 87.5%, hiyo ndo asilimia ya zao.

MASWALI

Mwalimu, mi nimepata 108%, nimekosea wapi?
Rudia hesabu kwanza. Kama iko sawa basi ulichopima sio zao tupu, mara nyingi halijakauka vizuri au lina uchafu, kausha upime tena mpaka uzito usibadilike.

Na oksidi iliyobaki naipataje mkuu?
Iliyotumika ni nusu ya moli za Al, yaani 0.2, imebaki 0.1 × 160 = 16 g.

Nitajuaje kama nimepatia bila kuona majibu?
Jumlisha vyote vya mwisho: chuma 22.4, Al₂O₃ 0.2 × 102 = 20.4, oksidi iliyobaki 16, jumla 58.8 g. Ulianza na 10.8 + 48, ambayo ni 58.8. Zikipishana rudi hatua ya 3.