Somo: Kuovakloki prosesa ya simu, unachopata, unachohatarisha na namna ya kufanya bila kuua simu

Haya wasee, hii kitu imeulizwa sana wacha niiandike yote mara moja. Kuovakloki ni kulazimisha prosesa (ile chipu kuu ya simu) ikimbie juu ya spidi ambayo kiwanda kiliipangia, basi, hakuna uchawi. Kama imepangiwa 2.2 GHz unaisukuma ifike 2.3 ama 2.4. Na niseme mapema ndio usisome hadi mwisho halafu unikasirikie: kwa simu nyingi ziko mikononi mwa watu hapa Nairobi, shida si eti spidi ya juu ni ndogo, shida ni simu kushindwa kuishikilia hiyo spidi iko nayo tayari. Inakimbia dakika kadhaa kwa gemu, joto linapanda, simu inajipiga breki yenyewe. Ukiongeza spidi bila kuangalia hiyo breki umejiongezea joto tu.

Hesabu iko hivi. Umeme unaoliwa na chipu unapanda sambamba na spidi, na unapanda tena na volti mara volti. Sasa ongeza spidi asilimia 10, na chipu ikidai volti nayo ipande asilimia 10 ndio isigande, piga 1.1 mara 1.1 mara 1.1, unapata 1.33. Yaani asilimia 10 ya spidi umeilipia asilimia 33 ya umeme, na huo umeme wote unaishia kuwa joto ndani ya kitu hakina feni, kimegundishwa kioo mbele na plastiki nyuma, na betri imelala hapo hapo karibu.

Faida zipo, sitadanganya. Simu ya kitambo inayocheza gemu za konsoli ya PSP kwa apu ya PPSSPP inaweza toka kwa kukwamakwama ikawa laini kabisa, juu emuleta (apu za kuiga konsoli kama hiyo) zinategemea sana spidi ya koa moja ama mbili, yaani zile sehemu za prosesa zinazofanya kazi. Hata wenye chipu wenyewe wanafanya hii kitu: Qualcomm mwaka wa 2019 walichukua Snapdragon 855 ya 2.84 GHz wakaipandisha hadi 2.96 wakaiita 855 Plus, na Galaxy S23 za 2023 zilikuja na Snapdragon 8 Gen 2 ya 3.36 GHz wakati ile ya kawaida ni 3.2. Lakini cheki vile wamepandisha kidogo, na hao wako na maabara na wanachagua chipu zilizotoka vizuri. Kama wao wameridhika na asilimia 4 ama 5, wewe na laptop yako kwa bedsitter ya Kasarani usiwe na haraka ya asilimia 30.

Na kile hautapata: WhatsApp haitafunguka haraka zaidi kama simu iko na storeji ya eMMC (ile ya pole pole) na RAM ya 3GB, hapo kinachongojewa si prosesa. Bandos zikiwa slow pia si prosesa.

Hatua ya 1: Jua kama simu yako inakubali

Wengi wanaruka hapa na ndio wanamaliza wikendi yao bure. Weka simu kwa laptop, washa ile ruhusa ya adb (njia ya laptop kuipa simu amri) kwa mipangilio ya waundaji, ile Developer options, halafu andika kwa laptop:

`adb shell cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_available_frequencies`

Simu zingine zitakunyima hadi uwe na ruti (ruhusa kamili ya kugusa mfumo wa simu), hiyo ni kawaida. Kwa Nexus 5 ya 2013, simu poa sana ya kujifunzia, namba zinaanza 300000 zinapanda pole pole hadi 1728000, 1958400 na ya mwisho 2265600. Hizo ni kilohezi, kwa hivyo hapo mwisho ni 2.26 GHz. Hiyo orodha ndio ngazi, prosesa inapanda na kushuka hapo tu. Ukijaribu kuandika 2600000 kwa `scaling_max_freq` haitakataa kwa kelele, itanyamaza tu, halafu ukisoma tena unapata 2265600 ile ile. Ndio upite hapo lazima upate keneli ingine (keneli ni kiini cha Android kinachoongoza prosesa) ambayo mtu ameongeza ngazi za juu kwa hiyo orodha.

Sasa habari mbaya. Kwa Snapdragon kubwa kuanzia 845 ya 2018, hiyo orodha haikai kwa keneli tena, iko kwa firmware (programu ya kiwanda ya chipu yenyewe), keneli inaisoma tu. Kwa hivyo upande wa CPU, yaani prosesa yenyewe, mlango karibu umefungwa. GPU (sehemu ya chipu inayochora picha za gemu) bado iko wazi kwa baadhi ya Snapdragon za hivi karibuni, kuna apu inaitwa KonaBess inabadilisha jedwali la spidi na volti za GPU, na kwa mtu wa gemu GPU ndio ya maana zaidi hata hivyo.

Na kama simu bado unalipa mdogo mdogo kwa siku, usiguse. Hizo ziko na kufuli ya mkopeshaji na bado si yako.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kugusa kitu

Toa kava, toa chaja, betri iwe kati ya 60 na 80, mwangaza wa skrini uweke nusu na usiubadilishe. Tumia apu ya CPU Throttling Test kwa dakika 15, ama 3DMark ile ya Wild Life Stress Test, hiyo inarudia mara 20. Usiandike ile alama ya kwanza ya kujigamba nayo, andika ya mwisho. Kama imeanza 100 ikamaliza 65, simu yako inaomba hewa, spidi haijaomba. Pima usiku ama asubuhi, na ukipima tena baadaye iwe saa ile ile, juu Nairobi ya Julai na Nairobi ya Februari hazileti jibu moja.

Hatua ya 3: Fungua butiloda, weka ruti

Kufungua butiloda (ile programu inayowasha simu, kiwanda huifunga) kunafuta kila kitu, narudia KILA KITU. Watu wanakumbuka picha wanasahau meseji za M-Pesa, na hizo ndio ushahidi wako ukibishana na landlord. Hifadhi meseji, WhatsApp, na zile apu za kutoa namba za siri za kuingilia akaunti.

Kwa Samsung kuna fyuzi ya Knox (mfumo wao wa usalama) ndani, ikiungua haiwezi rudishwa hata ukirudisha programu ya kiwanda, na Secure Folder na Samsung Pay unaziaga hapo. Warantii pia jua umeiaga.

Ruti unaiweka na apu ya Magisk. Unachukua boot.img (faili ya kuwashia simu) ya toleo lile lile kabisa liko kwa simu (zilizotoka na Android 13 kwenda mbele ni init_boot.img), Magisk inaitengeneza, unaiflashi (unaiandika kwa simu) na fastboot, ile programu ya amri ya laptop. Ile ya asili iweke kwa laptop na nakala ingine kwa flash disk, usiiache ndani ya simu peke yake maana simu ikikataa kuwaka hautaifikia.

Hatua ya 4: Keneli

Iwe ya modeli yako hasa na Android yako hasa, "inafanana" haitoshi. Simu nyingi zinakuruhusu kuijaribu bila kuiweka:

`fastboot boot keneli.img`

Ikiwaka vizuri ndio uweke kabisa. Ikigoma unazima unawasha, unarudi kwa ya zamani.

Hatua ya 5: Panda ngazi moja moja

Tumia apu ya SmartPack ama Franco Kernel Manager. Panda ngazi moja, kama megahezi 100 hivi, volti usiguse kwanza. Endesha kipimo dakika 20 hadi 30 na uiangalie, usiende kupika. Vitu vya kuangalia: simu kuganda, kujizima na kuwaka, vidoti ama mistari ya ajabu kwa gemu (hiyo ni GPU), na joto la betri. Betri ikifika digrii 45 simamisha, sitaki kusikia "lakini ilikuwa bado inaenda vizuri". Prosesa yenyewe inaweza vumilia 80 na zaidi, betri haiwezi, na hilo ndio watu hawaelewi, wanaangalia joto la chipu wanasahau mwenye anaumia ni jirani.

Ikiganda, shuka ngazi moja, na hapo ndio mwisho wa chipu yako. Simu mbili za modeli moja kutoka boksi moja zinaweza tofautiana, usilazimishe kufika ya mwenzako. Kama ni lazima uongeze volti, ongeza milivoti 12.5 ama 25 tu kwa wakati, na mimi binafsi hapo ndio huwa nashauri mtu aache.

Kuna wenye watakuambia ufute faili za kudhibiti joto ndio simu isijipige breki. Huyo usimsikilize hata kidogo. Hiyo breki ndio inazuia betri kuvimba na skrini kuachana na gundi.

Gavana (si wa kaunti, ni ile sehemu inaamua prosesa ipande ama ishuke lini) iache kwa schedutil ama ile ilikuja nayo. Ukiweka performance prosesa inakaa juu hata ukisoma meseji tu.

Na ile sehemu ya kufanya mipangilio ijiweke yenyewe kila simu ikiwaka, USIIWASHE hadi umetumia simu siku kadhaa bila shida. Hii ndio tofauti ya kuwasha upya na kuendelea na maisha, ama kuangalia logo ikizunguka usiku mzima.

Maswali ya wadau

Mdau wa Githurai: Mwalimu niko na simu ya Helio G99, hizo 2.2 GHz naweza peleka 2.5?

Ndugu, G99 iko na koa mbili za A76 kwa hiyo 2.2 na sita ndogo. Keneli za watu kwa simu za MediaTek za bei ya chini ni chache sana, na kama hakuna ya modeli yako basi hakuna. Pima hatua ya 2 kwanza. Ukikuta inashuka sana, toa kava, shusha grafiki za gemu ngazi moja, funga fremu kwa 60 ama hata 40 kwa sekunde. Unapata gemu isiyokwama, na simu haijaguswa.

Mdau: Kuna apu ya Play Store inasema inaongeza spidi ya CPU bila ruti, ni ukweli?

Uongo. Bila ruti apu haiwezi andika kwa zile faili za cpufreq. Inachofanya ni kufunga apu za nyuma, zenye zitafunguka tena na kula chaji zaidi, na kukuonyesha matangazo.

Mdau wa Rongai: Mimi ni wa boda, simu inakaa kwa handlebar na ramani siku nzima, mchana inakuwa slow hadi skrini inafifia, nikiovakloki itasaidia?

Hapana kaka, utaimaliza. Hiyo ni jua pamoja na chaji pamoja na skrini imewashwa juu kabisa. Tafuta kishikio chenye kikofia cha kivuli, chaji asubuhi na ukiwa stage badala ya kuchaji ukiendesha, na pakua ramani ya Nairobi ikae ndani ya simu modem ipumzike. Kama uko na ruti wewe ungefaa kushusha spidi, sio kupandisha.

Dada mmoja: Nikiweka ruti M-Pesa itaniletea shida?

Dadangu, apu za benki nyingi zinaangalia kama simu imefunguliwa na zinaweza goma, kuna njia za kuficha lakini leo inafanya kesho haifanyi. *334# na ile menyu ya laini hazijali ruti, hizo zinapita kwa mtandao wa laini, si kwa apu. Lakini kama simu ndio duka lako, na wateja wanalipa hapo, chukua simu ingine ya mitumba uchezee hiyo.

Mdau: Nikicheza nikiwa nimeweka simu kwa friji je?

Wacha. Ukiitoa, mvuke wa hewa unageuka kuwa maji ndani kabisa hapo kwa bodi. Hata zile feni za kubandika nyuma zenye sahani ya baridi, zile kali zinaweza kufanya hivyo msimu wa mvua. Feni ya kawaida ya mezani inatosha.

Mdau wa Umoja: Yangu inajizima ikiwa asilimia 30, nikiiovakloki si itakuwa...

Itajizima kwa 50. Hiyo ni betri imezeeka, prosesa ikivuta umeme mwingi ghafla volti inaanguka na simu inakatika. Apple walikubali Desemba 2017 kwamba walikuwa wanapunguza spidi za iPhone zenye betri zimechoka kwa sababu hiyo hiyo, watu wakakasirika, wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Badilisha betri kwanza, na ukienda Luthuli, ile barabara ya mafundi wa simu Nairobi, mwambie fundi aiweke ukiwa umesimama hapo.

Mdau: Kuandavolti je, ni salama?

Ni salama zaidi na mimi naipenda kuliko kuovakloki. Unaacha spidi ilivyo, unashusha volti kidogo kidogo, joto linashuka, na simu inashikilia spidi yake muda mrefu. Ukizidisha itaganda tu, unawasha upya. Cheki tu isigande ikiwa inaandika faili, hapo data inaweza haribika.

Mdau: Na iPhone?

Hapana.

Mdau wa Kawangware: Nimechelewa, nishafanya, iko kwa logo tangu jana.

Tulia. Shikilia kitufe cha kuzima pamoja na cha kushusha sauti hadi ifike fastboot (kwa Samsung ni tofauti, hiyo inataka Odin, programu ya laptop ya kuflashi Samsung), weka kebo, andika `fastboot flash boot boot.img` na ile boot ya asili, halafu `fastboot reboot`. Kama hukuiweka pembeni, andika hapa chini modeli kamili na namba ya toleo vile ilikuwa, na usibonyeze kitu kingine hadi tuipate.