Kiingereza cha kidato cha kwanza kianzie kwenye mfongo

Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza, Moshi Vijijini. Kila Januari tunapokea watoto waliosoma masomo karibu yote kwa Kiswahili, na ghafla baiolojia, jiografia, hesabu, vyote ni Kiingereza. Aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono darasa la saba anakaa kimya. Mwalimu mwenzangu, usidhani hajui kitu.

Anza na majina. Muulize kila mmoja nyumbani wanamwitaje, ulitamke wanavyolitamka wao. Mtoto wa Kimasai akikuinamishia kichwa, mguse utosini. Ndiyo shikamoo yake. Na kama shuleni kwenu aliyekutwa akiongea Kiswahili au Kichaga huvishwa kibao shingoni, pigania kiondolewe. Kinafundisha kunyamaza, basi.

Sasa kazi yenyewe. Mimi hupenda kuanza na maji. Watoto wa Kibosho na Old Moshi wamekulia kando ya mfongo, mfereji wa kupeleka maji mashambani: wanajua leo ni zamu ya nani, na ugomvi unaozuka mtu akiyachepusha maji usiku. Wagawe wanne wanne, uwachanganye. Wape dakika kumi wazungumze kwa Kiswahili huku wakichora mfongo unavyoshuka mpaka kihambani, yaani shamba la nyumbani. Wa Upareni ataleta ndiva, bwawa linaloachwa lijae usiku ili lifunguliwe asubuhi. Wa Kimasai ataeleza ng'ombe wa nani hutangulia kisimani. Aliyekulia mjini naye ana foleni ya ndoo bombani, na hiyo ina sheria zake.

Wakishapamba moto, waambie waandike sentensi tano za Kiingereza chini ya mchoro. Watakwama. Andika ubaoni maneno wanayoyaomba wao, achana na orodha uliyokuja nayo. Jioni waende na swali moja kwa babu au bibi: nani alikuwa anaamua zamu zamani? Jibu lije na sentensi mbili zaidi.

Kwenye kusahihisha, soma hoja kwanza, uandike pembeni kilichokuvutia. Halafu shika kosa la aina moja tu, labda wakati uliopita. Mengine yana siku yake.

Jihadhari na swali la "ninyi Wamasai mnafanyaje?" Mtoto si msemaji wa kabila. Muulize kwa jina lake, kwao wanafanyaje. Asipotaka kusema, mwache.

Mzazi akija kulalamika kwamba amemleta mwanawe asome Kiingereza, si mambo ya mfongo, mfungulie daftari, umwite mtoto awasomee.