Ripoti ya fizikia: chagua kitu unachoweza kukibadilisha

Kwa mnaoanza fizikia hapa Bagamoyo: kabla ya kuchagua jambo la kuandikia ripoti, jiulize, nitabadilisha nini na nitapima nini? Kimoja kimoja tu. Maji ya mtungi yanafaa sana, kwa sababu yale yanayopenya kwenye vitundu vya udongo hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Chukua mitungi miwili inayolingana, maji kiasi kilekile, mmoja kivulini penye upepo, mwingine chumbani. Pima kwa kipimajoto kila nusu saa. Masika jaribio hili hukwama: hewa ikijaa unyevu, maji hayakauki upesi na tofauti haionekani. Maji kupwa na kujaa nayo yanavutia, ila huwezi kuyabadilisha. Utaandika saa na kina tu, tena kwa siku kadhaa.