SOMO: Pampu ya tangi la maji ya chumvi, isikupige shoti wala isikuulie samaki

Jamani nimeulizwa sana kuhusu pampu, leo nimekaa niandike yote. Mimi niko Malindi, na kilichonifunza ni kidole. Nilikuwa nimejikata na kisu kidogo tu, nikatia mkono kwenye tangi kuokota konokono, miguu mitupu juu ya simiti, nikahisi kama nimeumwa na siafu. Nikasema ni chumvi kwenye kidonda. Kesho yake nimevaa ndara, sikusikia kitu. Siku ya tatu miguu mitupu tena, siafu yuleyule! Nikachomoa plagi, nikaitoa pampu nikaiangalia kwenye mwanga, ile gundi ngumu inayoziba mota ina ufa mwembamba kama unywele, umeme unatoka hapo. Na samaki wote wazima, maana mle ndani umeme haukuwa na pa kwenda, njia ya kushuka ardhini ilikuwa ni mimi. Kwa hiyo usiniambie samaki wanaogelea basi maji ni salama.

1. Kununua. Soma kibandiko: 220-240V, 50Hz (hiyo Hz ni mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde), na iandikwe inafaa maji ya chumvi. Shafti, kile kijiti cha kuzungukia, iwe ya seramiki. Ikiwa na skrubu au kipande cha shaba kinachogusa maji iache dukani, shaba hata kidogo inaua kamba na matumbawe.

2. Stima. Hapa msipite haraka. Breka ya kawaida inalinda waya za nyumba zisiungue, haikulindi wewe. Muite fundi wa stima akufungie RCD ya miliampia 30, ile yenye kitufe cha T, inakata yenyewe umeme ukianza kuvuja kupitia mwili wako. Kila mwezi bonyeza T, isipokata ibadilishwe. Halafu soketi isikae chini ya tangi, iwe pembeni na juu, na waya wa pampu uuache uning'inie ushuke chini kuliko soketi kwanza ndio upande kwenye plagi, ili tone la maji lidondokee sakafuni lisifuate waya mpaka ndani. Eksteshen iliyolala sakafuni kando ya tangi mimi nikiikuta kwa mtu naichomoa kabla hata sijakaa. Maji ya bahari yanapitisha umeme kwa urahisi zaidi sana kuliko ya bomba, na ile chumvi nyeupe inayotambaa kwenye waya ikifika soketi inavuta unyevu, soketi inaungua polepole huoni.

Na mkono usiingie majini kabla hujachomoa kila kitu, sio kuzima swichi, kuchomoa.

3. Kuiweka. Pampu izame kabisa, maji yake ndiyo yanayoipoza na kulainisha shafti, ikizunguka kavu inaungua. Mdomo wa kunyonya uvalishe sponji. Kama una tangi la chini ambalo pampu inapandisha maji kutoka hapo, toboa katundu kwenye paipu ya kurudishia maji, chini kidogo tu ya usawa wa maji ya tangi la juu, stima ikipotea hewa iingie hapo maji yasivutwe yote kurudi chini yakafurika sebuleni. Jaribu: zima makusudi ukiwa nyumbani uone maji yanaishia wapi. Msingoje usiku wa kukatika stima.

4. Kuosha. Kila mwezi, miezi miwili ukizidi. Fungua, toa impela (ile panga ndogo yenye sumaku inayosukuma maji), loweka kwenye siki nyeupe na maji nusu kwa nusu kama saa moja, chokaa itaachia, sugua na mswaki, suuza na maji baridi. Angalia sumaku: ikiwa imevimba au ina kutu, tupa. Angalia ufa, angalia waya umekakamaa. Na wanaochota maji bahari ya Malindi wakati wa masika, mto Sabaki ukishuka maji yanakuwa kama chai ya maziwa, ule udongo unasaga shafti, bora mkachote Watamu au muyaache yatulie usiku kucha mchuje na kitambaa.

MASWALI

*Mwalimu, nina pampu ya kisima ya chuma, siwezi kuitia tu kwenye tangi kubwa?* (Mambrui)
Hapana ndugu yangu. Nyingi zina shaba na kutu itaanza mapema, na zingine mota ina mafuta ndani, sili ikiharibika mafuta yote kwa samaki.

*Shangazi yangu kanitumia pampu kutoka Marekani, 120V 60Hz, nikiweka transfoma?* (Lamu, Langoni)
Transfoma inashusha volti, haibadilishi Hz. Kwa 50Hz itazunguka pole zaidi, kama sehemu moja kati ya sita imepungua, na mota inapata joto kuliko ilivyopangiwa. Bila transfoma usijaribu kabisa. Mimi ningenunua ya hapa.

*Natumia sola na inveta, pampu inanguruma sana, mbovu?* (Shela, Lamu)
Angalia inveta kwanza dada. Zile za bei rahisi umeme wake hauko laini kama wa stima ya kawaida, pampu za sumaku zinanguruma na kuchemka. Tafuta inveta ya pure sine wave. Ukishaibadilisha na bado inanguruma, basi fungua uone shafti.

*Waya umeliwa na panya, naweza kuunga na tepu?* (Malindi, Maweni)
Usiunge chochote kitakachoingia majini, hata ufunge tepu kumi. Pampu hiyo imekwisha.

*Stima ikipotea masaa mengi nifanyeje?* (Watamu)
Maji ya joto yetu huku hayashiki hewa nyingi, ndio maana samaki wanaanza kuhema juu upesi. Weka pampu ndogo ya hewa ya betri. Huna, chukua kikombe, chota na umwage kutoka juu, dakika chache, pumzika, rudia, na usiwalishe mpaka stima irudi. Ikirudi nenda uangalie kama pampu kweli inasukuma maji, zingine zikisimama chokaa inazikamata, zinanguruma tu hazizunguki.