Kuteremka Pwani na gari la kulala mkiwa wawili na mmestaafu: mambo ya kuzingatia kabla

Watu wakistaafu hapa Nairobi na wakapata hilo wazo la kuzunguka Pwani na gari la kulala, maswali yanakuwa ni gari gani, godoro gani, friji ya lita ngapi, sola wati ngapi. Ni maswali mazuri. Lakini la kwanza kabisa kwangu ni hili, mmoja wenu akizidiwa njiani, yule mwingine ataweza kuendelea peke yake? Nyumbani mmegawana kazi miaka na miaka, mzee ndiye anajua gari, mama ndiye anajua dawa na bili, na hapa mjini haisumbui maana mtoto yuko Ruiru na jirani yuko hapo kwa geti. Kati ya Mtito Andei na Voi hakuna jirani, ni Tsavo kulia na Tsavo kushoto. Kwa hivyo mimi na mzee wangu safari tunaipanga hivyo, kila mtu ajue kazi ya mwenzake, na hivi vyote vingine vinafuata hapo.

Tuanze na usukani. Kina mama wengi wa rika langu wana leseni imelala kwa droo tangu watoto waanze kuendesha. Itoe, angalia kama imeisha, i-renew kwa eCitizen mapema, halafu tokeni na gari lile lile mtakalosafiri nalo, si kale kagari kadogo ka kwenda sokoni, Jumapili asubuhi barabara ikiwa tupu, mama aendeshe mpaka Athi River na kurudi, apige rivasi kwa kutumia vioo, asimame kwa mlima aondoke tena bila gari kurudi nyuma. Fanyeni hivyo zaidi ya mara moja. Na nyote wawili mpimwe macho kabla, maana mtoto wa jicho anakuja polepole na mtu hajui ameanza kuona vibaya mpaka akutane na taa kali za lori usiku. Kama mama haendeshi kabisa basi muwe na mpango mwingine, na hapa SGR inasaidia kweli, kijana wenu anaweza kupanda treni ya kawaida ile inayosimama stesheni ndogo, akashuka Mtito Andei au Voi au Mariakani akawapokea gari. Mkubaliane naye kabla hamjatoka, si kumpigia simu mkiwa mmekwama.

Kuhusu karavani ya kuvutwa ama van ya kulala ndani, nitasema wazi ninavyoona. Ya kuvutwa ni tamu ukishafika, unaiacha kambini unaenda kununua samaki na gari tupu. Lakini ni trela, ina namba yake inayoanza na Z, ina bima yake, tairi zake, na hiyo barabara ya Mombasa imejaa malori, kuovateki na mzigo nyuma kunataka nafasi ndefu sana na kurudisha nyuma ni somo jipya kabisa ambalo mwili wa miaka sitini na kitu unajifunza kwa shida. Kwa wawili wanaoanza, van ya paa refu yenye kitanda na kabati inatosha, na mkipenda maisha hayo mtaongeza baadaye.

Gari likishapatikana nendeni kwa fundi wiki kadhaa kabla, si siku moja kabla, ndio ukibadilisha kitu uwe na muda wa kuona kama kimekaa sawa. Breki, rejeta na mipira yake, feni, mkanda, betri. Tairi usiangalie meno peke yake. Gari la kulala linakaa sana limepakiwa na tairi inazeeka hata kama haijatembea, pembeni yake kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka, ukiona 3217 hiyo imetengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2017 na mimi singeipeleka Mombasa. Kuna jambo lingine watu wa Nairobi hawalifikirii, sisi tuko juu kama mita 1,700 hivi na kule ni usawa wa bahari, hewa ya kule ni nzito zaidi, kwa hivyo tairi uliyojaza hapa ukiipima kule asubuhi ikiwa imepoa inaweza kuonyesha chini kwa PSI 2 hata 3 na haina panchari. Pimeni tena mkifika, pamoja na spea. Na nyote wawili mjue jeki inakaa wapi na inaingia wapi, si lazima mama afungue nati mwenyewe lakini ajue kumwelekeza kijana atakayesimama kusaidia. Laifusaiva, zile pembetatu za kuonya, tochi nzuri yenye betri mpya, zima moto, kamba ya kuvuta, maji ya rejeta. Uzito pia, maji lita mia moja ni kilo mia moja, kwa hivyo msijaze matangi Nairobi kisha myabebe kilomita 480, jazeni mkifika.

Njia yenyewe msiiendeshe siku moja. Najua vijana wanatoka saa kumi alfajiri na saa sita wako Nyali, waacheni. Nyinyi mna siku, laleni Mtito ama Voi. Simameni kila baada ya saa mbili mtembee, damu ya miguu inaganda ukikaa sana na kwa umri wetu si mchezo. Makindu pale kuna hekalu la Masingasinga, linapokea wasafiri wa kila dini na chakula ni bure, unavua viatu unafunika kichwa unaingia, na ukiguswa unaacha sadaka. Saa kumi na moja jioni gari liwe limeshapaki, maana usiku kuna ndovu wanaovuka, kuna lori limeharibika bila taa, na kuna huyo anaovateki kwa kona. Mkifika Mariakani amueni, kama mnaelekea Kilifi, Watamu au Malindi kuna barabara ya kukata kushoto kupitia Kaloleni mpaka Mavueni, mnaepuka msongamano wote wa Mombasa na Mtwapa. Kama ni Diani na Msambweni, tokeeni Miritini mshike barabara ya Dongo Kundu badala ya kupanga foleni ya feri Likoni, ambayo kwa gari refu maji yakiwa yamekupwa ile rampu inakuwa na mteremko mkali na bampa inaweza kukwaruza.

Sasa dawa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo naona watu wakienda na moyo tu. Mtu wa presha na mtu wa sukari anaweza kusafiri vizuri kabisa, lakini aende kliniki kama mwezi mmoja kabla, amwambie daktari naenda Pwani kwenye joto nitakaa siku nyingi. Kuna zile dawa za presha zinazokufanya ukojoe sana, ukichanganya na jasho la Malindi mwili unakauka na unaanguka ukisimama ghafla, daktari ndiye atakwambia ufanye nini, usiziache mwenyewe. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka friji, nyuzi 2 hadi 8 na isigande, ile unayotumia nyingi zinavumilia kama wiki nne nje ya friji lakini chini ya nyuzi 30, na kule ndani ya gari lililofungwa mchana inapita hapo haraka sana. Ule ujanja wetu wa kitambaa kibichi na chungu cha udongo unafanya kazi vizuri penye hewa kavu, Pwani hewa imejaa unyevu maji hayakauki kwa hivyo hakipoi vya kutosha, msiutegemee. Friji ya betri yenye kipimajoto ndani, na mpango wa barafu kama betri ikikataa.

Bebeni dawa za siku zaidi ya mlizopanga, mzigawe mifuko miwili, mmoja ukiibiwa au kulowa mwingine upo. Andikeni kwa karatasi, si kwa simu tu, majina ya dawa za kila mmoja, kiasi, saa, anaumwa nini, hapatani na dawa gani, namba ya mtoto mkubwa. Baba ajue za mama na mama ajue za baba bila kusoma. SHA nayo, ile bima ya afya, ihakikisheni, sisi tuliotoka kwa payroll tunalipa ya mwaka mzima na ukikuta haijalipwa ukiwa casualty umechelewa. Kwenye ramani wekeni alama za hospitali za njiani mapema, Makindu, Moi ya Voi, Coast General pale Mombasa, Msambweni, Kilifi, Malindi.

Malaria jamani. Nairobi haipo kwa kiasi cha Pwani na mwili wetu hauna kinga hata kama ulikulia huko ukiwa mtoto, kinga inaisha ukikaa mbali. Neti yenye dawa juu ya kitanda, wavu kwa madirisha ya gari, mikono mirefu magharibi ikiingia, na dawa za kuzuia muulize daktari mapema maana nyingine zinaanza wiki kadhaa kabla ya safari na nyingine hazipatani na za moyo. Mkirudi Nairobi na homa ikaja hata baada ya wiki tatu, pimwa siku hiyo na useme nilikuwa Pwani.

Gesi ya kupikia mtungi wa kilo 6 unatosha wawili, usimame wima, ufungwe usicheze, regulator itolewe gari likitembea, pikieni nje ama mlango wazi. Na jiko la makaa lisiingie ndani ya gari kamwe, hata likionekana limezima, hata mvua ikinyesha. Ile hewa yake haina harufu na watu wanalala hawaamki.

Msimu uchagueni. Mvua ya masika, Aprili na Mei hasa, barabara za mchanga zinakuwa matope na van nzito inazama. Kipindi cha kaskazi, Desemba mpaka Machi, bahari imetulia na maji ni safi lakini joto ni kali na Krismasi kila kitu kimejaa. Mimi napenda Agosti na Septemba, kusi inapuliza, usiku unalala, ingawa mwani unajaa ufuoni. Mahali pa kulala msijipakie tu kwa sababu panapendeza. Ulizeni mwenye pahali au mzee wa mtaa, na misitu ya kaya za Wamijikenda msiikaribie bila ruhusa ya wazee wake, ile ni mahali patakatifu. Gari likae mbali na alama ya maji, tena ulizeni wavuvi bamvua ni lini, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji yanapanda zaidi ya ulivyoyaona jana.

Pesa kila mmoja awe na zake, kwa simu yake na taslimu kidogo. Mafuta bei mpya ya EPRA inatoka tarehe 14 kila mwezi, na Mombasa huwa nafuu kuliko Nairobi, kwa hivyo tangi la kurudi lijazwe huko. Nyumba mpatieni mtu mmoja funguo, awe anayejua kusoma mita na kulisha mbwa, na kwa grupu ya familia semeni kila jioni mmelala wapi, watoto wakikosa ujumbe mpaka asubuhi wajue ni nani wa kumpigia.

Siku ya kurudi kumbukeni ni kupanda mlima, gari linachemka kirahisi, tokeni mapema na mwangalie geji ya joto. Na mkifika nyumbani lipelekeni kuoshwa siku hiyo hiyo, waambie wapige maji chini kabisa, kwa chesisi, ndani ya rimu na kwa vichwa vya betri, chumvi ya bahari ikikaa wiki mbili hapo kutu inaanza.