Somo: Pima kano za mkono kabla hujashona ngozi

Nimechoka kuulizwa kila zamu namna ya kupima kano, zile kamba zinazounganisha misuli na mifupa ya vidole. Nikiulizwa tena, natuma hapa.

1. Uliza aliumiaje, na kitu gani, lini. Mvue pete.

2. Alaze mkono ukiwa umelegea, kiganja juu. Vidole hujikunja vyenyewe kwa ngazi, cha mwisho kikizidi wenzake. Kilichonyooka peke yake kinakuambia huenda kano yake imekatika.

3. Pima hisia pande zote mbili za kidole kabla ya ganzi. Ukishachoma sindano umechelewa.

4. Kano za kukunja. Hapa niliumbuka. Alikuja mtu ana jeraha dogo la kioo chini ya kidole cha kati. Nikamwambia akunje ngumi, akakunja, nikapiga nyuzi tatu, nikamruhusu. Wiki tatu baadaye karudi, vifungo vya shati vinamshinda: ncha ya kidole haikunjiki. Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili za kukunja. Ya ndani hufika pingili ya mwisho, ya juu huishia pingili ya kati. Moja ikikatika, nyingine inakuficha. Kwa hiyo shika pingili ya kati isisogee, mwambie akunje ncha: umepima ya ndani. Kisha zuia vidole vingine vyote vikiwa vimenyooka, akunje hicho kimoja: umepima ya juu. Kidole cha mwisho hudanganya, maana kwa baadhi ya watu kano yake ya juu haifanyi kazi peke yake. Linganisha na mkono wa pili.
ONYO: mwekee kidole chako akisukume. Kano iliyokatika zaidi ya nusu bado inaweza kukunja. Maumivu au ulegevu anaposukuma ndiyo dalili.
ONYO: usichokoe jeraha kwa koleo ukisaka ncha ya kano. Utaharibu mishipa ya fahamu.

5. Za kunyoosha, vilevile. Nyuma ya mkono kano zimeungana, kidole huinuliwa na jirani yake hata kano yake ikiwa imekatika.

6. Eksirei kama ni kioo au chuma, osha, chanjo ya pepopunda, funga banzi mkono usisogee, mpeleke kwa mpasuaji ndani ya siku chache. Kano iliyokatika hujivuta.

MASWALI

— Mkuu, akikunja ngumi vizuri si nashona tu?
Soma namba 4. Taratibu.

— Nimechungulia ndani, kano inaonekana nzima. Nimwamini?
Swali zuri sana. Alikatwa kidole kikiwa kimekunjwa? Basi kikinyooka, mkato wa kano husogea kuelekea ncha, haukai tena chini ya mkato wa ngozi. Kikunje na kukinyoosha huku unatazama.

— Mpira umempiga ncha ya kidole, imeinama, hana jeraha.
Eksirei kwanza. Kama mfupa uko sawa, banzi ncha ikiwa imenyooka, wiki 6 hadi 8, usiku na mchana. Ikiinama hata mara moja akiosha mkono, hesabu inaanza upya. Kifundo cha kati kiache huru.

— Na kijeraha juu ya kifundo cha ngumi? Anasema ni ukuta.
Muulize kwa upole, bila watu, kama ukuta ulikuwa na meno, yaani alimpiga mtu mdomoni. Ya meno usishone: huoshwa thieta (chumba cha upasuaji), hupewa antibiotiki, huachwa wazi.